Kosa la Bei ya Memori Kadi

Kupiga Windows si jambo geni kwa mtu yeyote aliyewahi kumiliki kompyuta ya mtumba. Mashine ikianza kujikongoja inapelekwa kwa fundi, inalala huko usiku mmoja, inarudi ikiwa nyepesi, na mwenyewe analipa bila kuuliza kilichofanyika. Simu nayo inaflashiwa vivyo hivyo. Kwa hiyo wazo la kuondoa mfumo endeshi mmoja na kuweka mwingine lilishazoeleka zamani, iwe Maili Moja pale Kibaha au Kisarawe mjini. Kisichozoeleka ni mwenye kifaa kuifanya kazi hiyo kwa mkono wake, akijua anachoondoa na anachoweka. Ujuzi huo sasa unaweza kupatikana kwa wepesi kupitia mlango ambao wazazi na walimu wengi huwahi kuufunga, yaani gemu za mkononi zinazokubali kubadilishiwa mfumo. Hoja yangu ni ya hesabu tu: katika vifaa vyote vyenye kompyuta ndani ambavyo kijana wa mkoa wa Pwani anaweza kuvishika, hivi ndivyo ambavyo kosa lake lina bei ndogo kuliko vyote.

Mfumo endeshi ni programu inayosimamia programu nyingine zote. Ndiyo inayoamka kabla ya hizo nyingine kitufe kinapobonyezwa, ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayojua skrini ni ya aina gani, inayosikiliza vitufe na kuamua betri itumike kwa kiasi gani. Gemu yenyewe haigusi chuma moja kwa moja. Inaomba, na mfumo unatoa. Ndiyo maana mashine ileile, yenye chipu ileile na betri ileile, ikiwekewa mfumo tofauti inakuwa na tabia tofauti. Ushahidi mzuri ulipatikana mwaka 2025, Lenovo ilipouza mashine yake ya mkononi ya Legion Go S kwa namna mbili, moja ikiwa na Windows 11 na nyingine ikiwa na SteamOS, mfumo wa kampuni ya Valve uliojengwa juu ya Linux. Waandishi wa teknolojia waliozipima waliona gemu nyingi walizojaribu zikienda kwa kasi zaidi kwenye SteamOS, na kwa gemu nyepesi betri ikadumu zaidi ya mara mbili. Windows iliandikwa kwa ajili ya mezani, na inabeba huduma nyingi zinazoendelea kufanya kazi chinichini hata mtu anapocheza. SteamOS iliandikwa kwa ajili ya mtu aliyeshika mashine kwa mikono miwili, anayetaka kuilaza katikati ya mchezo, apande daladala, kisha aendelee pale alipoishia.

Mlango wa kubadili mfumo ulipanuliwa na Steam Deck ya Valve, iliyoanza kuwafikia wanunuzi Februari 2022 kwa bei ya kuanzia dola 399. Valve haikumzuia mwenye mashine kuweka Windows akitaka. Ilitoa hata draiva za kumsaidia, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuvitumia vipande vya mashine. Walionunua ROG Ally ya ASUS, iliyotoka Juni 2023 ikiwa na Windows, wakaenda upande wa pili: baadhi yao wakaiondoa na kuweka Bazzite, mfumo wa bure uliojengwa kutokana na Fedora, mojawapo ya matoleo ya Linux. Lakini dola 399 ni karibu shilingi milioni moja, kabla ya usafiri na ushuru, na kwa mwalimu wa Mzenga au mfanyabiashara wa Mlandizi milioni hiyo ina kazi nyingine. Habari hizo zinatufaa kwa kutuonyesha tu kwamba tofauti ya mfumo ni jambo la kupimika. Mashine inayotuhusu ni ndogo zaidi.

Inaitwa R36S, inatoka China, na kwenye masoko ya mtandaoni ya huko huuzwa takriban kati ya dola 30 na 40, yaani chini kidogo au karibu na laki moja. Inaenea kiganjani. Skrini yake ni ya inchi 3.5, kumbukumbu yake ni gigabaiti moja tu, na chipu yake, RK3326 ya kampuni ya Rockchip, isingeweza kuiendesha Windows hata kwa kubembelezwa. Inaendesha Linux, mara nyingi toleo linaloitwa ArkOS, lililotengenezwa na wapenzi wa gemu na kugawiwa bure. Lakini uzuri wake kwa hoja hii uko kwenye matundu mawili ya memori kadi. R36S halisi haina hifadhi ya ndani ya kuweka mfumo. Mfumo mzima umo kwenye kadi ya tundu la kwanza, na gemu zinaweza kukaa kwenye kadi ya tundu la pili. Ukiichomoa kadi ya kwanza, unabaki na plastiki na chuma visivyojua chochote. Ukichomeka kadi nyingine yenye mfumo mwingine, ROCKNIX kwa mfano, mashine inaamka ikiwa mashine nyingine. Ukiirudisha kadi ya zamani, kila kitu kinarudi kilipokuwa, na hakuna alama yoyote inayobaki.

Kazi yenyewe haina uchawi. Mtu anapakua faili la mfumo kwenye kompyuta, analihakiki kwamba limefika zima, anachomeka kadi tupu, kisha anatumia programu kama balenaEtcher au Rufus kuliandika faili hilo kwenye kadi, kipande kwa kipande. Kuliburuta faili na kulidondosha kwenye kadi, kama mtu anavyonakili nyimbo, hakusaidii, na hapo ndipo wengi hukwama mara ya kwanza, kwa sababu kadi ya mfumo inahitaji kugawanywa sehemu zake na kupangwa kwa namna ambayo mashine inaitambua. Kadi ikiwa tayari inachomekwa, mashine inawashwa, inajipanua yenyewe ili kujaza kadi nzima, inajizima na kujiwasha tena. Hapo ndipo linaweza kutokea jambo linalofundisha kuliko yote: taa inawaka, sauti ya gemu inasikika, lakini skrini ni nyeusi tii. Watengenezaji wa R36S wamekuwa wakibadilisha aina za skrini kila wanapopata za bei nafuu, bila kubadilisha jina la mashine. Mfumo unaijua skrini kupitia faili moja dogo sana, lenye mwisho wa herufi dtb, linaloueleza ni vipande gani vimo ndani na vimeunganishwa wapi. Faili hilo likiwa la skrini ya aina nyingine, picha haitoki. Tiba yake ni kulichukua lile lililokuja kwenye kadi ya awali na kulinakili kwenye kadi mpya. Kijana aliyefanya hivyo kwa mkono wake ameshaelewa draiva ni nini na kwa nini printa ya shule inakataa kuchapa baada ya kupigwa Windows mpya, hata kama hajawahi kufundishwa neno lenyewe.

Linganisha na simu. Anayejaribu kubadili mfumo wa simu anakutana kwanza na kufuli la mtengenezaji, na akilipita, faili lisilo lake au waya uliochomoka katikati ya kazi vinaweza kuiacha simu ikiwa tofali. Ndani ya simu hiyo kuna laini ya M-Pesa, picha za msiba na harusi, na namba za wateja. Hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayempa mtoto wa kidato cha pili kifaa hicho ajifunzie. Kompyuta ya ofisini ina nafuu kidogo, lakini ina kazi za watu ndani. Kwenye R36S umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, kadi inaandikwa upya. Mashine haikuguswa. Hasara kubwa kabisa ni memori kadi iliyokufa, na kadi zinazokuja na mashine hizi zina sifa mbaya ya kufa mapema hata bila kuchokonolewa, kiasi kwamba ushauri wa kwanza kwa kila mnunuzi ni kununua kadi ya chapa inayoaminika na kuhamishia mfumo humo kabla ya kitu kingine chochote.

Uhuru huo wa kubadili mfumo si wa kuzoea tu na kuudhani upo daima. PlayStation 3 iliwahi kuwa nao: kwa njia iliyoitwa OtherOS, mwenye mashine aliruhusiwa kuweka Linux, na Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha PS3 zaidi ya 1,700 kutengeneza kompyuta moja kubwa ya utafiti. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony ilitoa sasisho lililoifuta OtherOS, ikitaja usalama, na aliyekataa sasisho alikosa huduma za mtandao. Kesi iliyofunguliwa Marekani iliishia kwa maafikiano ya fidia. Watu wa huku walijifunza kwa njia nyingine. PS2, ambayo Sony iliacha kuitengeneza zamani, iliendelea kuchapa kazi vibandani muda mrefu baada ya lenzi zake kuchoka kusoma sidii, kwa kuwa wajuzi waliandika programu ya Free McBoot inayoiwezesha kuwaka kutoka memori kadi na kufungua programu nyingine zinazosoma gemu kutoka kwenye flashi. Kampuni ilikuwa imeshaisahau mashine. Programu ya watu wengine ikaipa uhai wa pili. Sehemu kubwa ya vifaa vinavyofika kwetu vinafika katika umri huo, pale ambapo aliyevitengeneza ameshaacha kuvishughulikia.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wizi wa kazi za watu. R36S nyingi zinauzwa na kadi iliyosheheni maelfu ya gemu za Nintendo, Sega na Sony, na muuzaji hana kibali cha hata moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikuacha kulinda gemu kwa sababu ni ya zamani au kwa sababu duka limeshaacha kuiuza. Hilo sitalipamba. Lakini tutenganishe mambo mawili ambayo muuzaji ameyafunga kwenye kadi moja. Mfumo ni halali: leseni ya Linux inaruhusu waziwazi kuunakili, kuubadilisha na kumgawia jirani. Gemu ni suala jingine, na kubadili mfumo ndiyo nafasi nzuri ya kuzitenganisha, kwa sababu kadi mpya inaanza ikiwa tupu. Zipo gemu huru ambazo watunzi wake wenyewe wamezitoa bure, na mradi wa PortMaster umezikusanya nyingi zikiwa tayari kwa mashine za aina hii. Tukubali pia kinyume kimoja kinachochekesha kidogo: Windows nyingi zinazopigwa mitaani hazina leseni, hivyo mtoto mwenye Linux yake kiganjani anaweza kuwa msafi mbele ya sheria kuliko ofisi aliyoajiriwa baba yake.

Pingamizi la pili ni la wazazi, nalo lina uzito wa aina yake katika wilaya kama Kisarawe, ambako kampeni ya Tokomeza Ziro, iliyoanzishwa wakati Jokate Mwegelo akiwa mkuu wa wilaya, iliwakusanya watu kwa lengo moja la kuwaondoa wanafunzi kwenye daraja sifuri. Leo mtu anasimama na kupendekeza gemu? Jibu langu si kwamba gemu inaongeza akili. Madai ya namna hiyo hutolewa kirahisi na wauzaji, na mimi siyategemei. Muda unaopotea kwenye gemu unapotea kweli. Ninachosema ni kwamba kati ya kucheza na kuitengeneza mashine ichezeke kuna tofauti kubwa, na hiyo ya pili ni kazi. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeweka mkondo wa amali sekondari ili mwanafunzi aondoke na ujuzi wa mikono. Somo la kompyuta linalofundishwa ubaoni, au kwenye kompyuta chache ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzigusa nje ya vipindi vilivyopangwa, halitoi ujuzi huo. Mashine mbili au tatu za bei ya laki moja, zilizokabidhiwa kwa masharti kwamba hazichezwi mpaka kikundi kimeweka mfumo wake, zinaweza kutoa mengi kwa gharama ndogo. Mwalimu akihofia mchezo, abaki na kadi za gemu mfukoni na awaachie wanafunzi kadi za mfumo.

Wapo watakaosema kazi ya fundi iachwe kwa fundi. Ni kauli ya busara mahali ambapo fundi yupo. Kibaha yupo, mji umekaa juu ya barabara ya Morogoro, na kijana wa pale akikwama anafika Kariakoo na kurudi siku hiyohiyo. Kisarawe ni wilaya yenye sura mbili: mjini pako jirani kabisa na Pugu, lakini ukishuka kwenda Maneromango na mpaka Vikumburu, nauli ya kumpelekea fundi kifaa inaweza kuzidi gharama ya matengenezo yenyewe. Huko ndiko mfumo unaokaa kwenye kadi unapoonyesha faida ambayo mjini haionekani. Windows 11 ni faili linalozidi gigabaiti 5, na baada ya hapo inaendelea kudai masasisho yanayomeza bando. Mfumo wa mashine ndogo unapakuliwa mara moja, hata kama ni Kibaha penye mtandao mzuri, kisha kadi moja inazaa kadi kumi bila intaneti yoyote, na leseni inaruhusu. Sharti ni moja tu, kwamba nakala ya kwanza ipakuliwe kwenye ukurasa wa watengenezaji wenyewe, isiwe imetoka kwa mtu aliyeitoa kwa mtu, kwa sababu aliyeubadilisha mfumo njiani anaweza kuwa ameweka humo chochote alichotaka.

Tanzania ilishajaribu kuwasogeza watu kwenye programu huru kwa njia ya heshima zaidi. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, uliounganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili za ofisini zilizozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Kazi ya istilahi iliyofanyika pale ilikuwa kubwa na bado inastahili kusomwa. Hata hivyo programu huru hazikushika mizizi madukani wala ofisini kama ilivyotarajiwa, na nadhani sababu moja ni kwamba ziliwafikia watu zikiwa bidhaa iliyokamilika, ya kutumia, wakati Windows ya kunakili ilikuwa inapatikana kwa bei ya sidii tupu. Tafsiri ilikuwapo. Kilichokosekana ni mashine ambayo mtu wa kawaida angeweza kuiharibu bila kulia. Kibaha ina uhusiano wa zamani na upande wa dunia ilikotoka IT+46: kile tunachokiita Shirika la Elimu Kibaha kilianza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Nordiki, Finland ikiwamo, na kikakabidhiwa kwa serikali mwaka 1970. Linux yenyewe ilianza mwaka 1991 Helsinki, mikononi mwa mwanafunzi Linus Torvalds. Sidai kwamba kuna uhusiano kati ya mambo hayo mawili, ila shirika lililojengwa kwa wazo la kuweka shule, afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja lisingeshangaa kuona kifaa cha mchezo kikiingizwa darasani kwa kazi.

Si kila mashine ibadilishwe. Mwenye ROG Ally aliyeinunua ili acheze EA Sports FC na marafiki atajuta akiondoa Windows, kwa sababu ulinzi wa EA dhidi ya udanganyifu haukubali Linux, na mpira huo ndio gemu ambayo vijana wengi wa huku wanaitaka kwanza. Fortnite ni vivyo hivyo. Mwenye R36S naye asitarajie miujiza: mfumo mpya hauongezi kumbukumbu wala hauigeuzi skrini ndogo kuwa runinga. Na zipo R36S za kuiga, zenye bodi tofauti ndani ya kava lilelile, ambazo mfumo wa kawaida hauwaki kabisa; kabla ya kupakua chochote ni vema kusoma kadi iliyokuja na mashine na kuhifadhi nakala yake yote kwenye kompyuta. Hatua hiyo inachosha na wengi huiruka.

Ujuzi huu una mahali pa kwenda kufanya kazi, na pamekuja haraka kuliko ilivyodhaniwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida ya usalama. Windows 11 inataka kichakataji kipya na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kompyuta za mtumba zilizomo kwenye shule na ofisi nyingi hazina. Kompyuta hizo bado ni nzima na zinaweza kuendesha Linux Mint kwa miaka kadhaa. Njia ya kuiweka ni ileile ya R36S: faili, balenaEtcher, flashi badala ya memori kadi. Linux Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta, hivyo shule inaweza kuijaribu siku nzima, ikachomoa flashi, na Windows ikarudi ilivyokuwa. Waraka wa Word utafunguka kwenye LibreOffice, programu huru ya ofisini, ingawa majedwali yenye mapambo mengi yanaweza kuhama kidogo. Cha kupimwa kabla ya vyote ni printa, hasa zile za bei nafuu, kwa sababu baadhi yake hazikuandikiwa draiva za Linux na waliozitengeneza, na shule inayochapa mitihani yake yenyewe ikiligundua hilo usiku wa kuamkia mtihani, lawama zote zitamwangukia kijana wa R36S.